UZI: Mwanamke mwenye sihiri, asiyepangiwa na mtu, anataka mwenza wa namna gani?

#1 – Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu wote. Uzi huu ni kwa wapenzi wa hadithi za fantasia, zile za falme, majoka, minara na wanawake wanaoamsha dhoruba kwa kutamka neno moja. Ni mrefu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kuna jambo linaniudhi katika hadithi nyingi za aina hii. Mwandishi anamjenga mwanamke mwenye sihiri vizuri kabisa: mkali, ana akili, hamwinamii mfalme wala kuhani, kila alichonacho amekisotea mwenyewe. Ikifika zamu ya mapenzi, anakabidhiwa kijana wa kwanza mwenye upanga na mabega mapana. Hatuambiwi amempendea nini. Na kuanzia hapo yule mwanamke tuliyemzoea anapotea. Anabaki kusubiri nje ya mlango wakati wengine wanapanga vita. Mimi hapo hufunga kitabu.

Nami naandika hadithi yangu, mhusika mkuu ni mwanamke wa namna hiyo, ndiyo maana swali hili limenikaa kichwani. Mtu kama huyu anatafuta nini kwa mwenza?

Mchumba wa kawaida huja na ulinzi, mali, sura na maneno matamu. Ulinzi anao mikononi mwake. Mali ataipata akiitaka. Sura haimbabaishi, kwa sababu anajua dawa zinazoitengeneza. Yanabaki maneno matamu, na hapo ndipo penye kidonda. Mwanamke anayeweza kugeuza nia za watu hawezi kuliamini neno "nakupenda" kirahisi. Anayelitamka huenda anamwogopa. Huenda ana kiti cha enzi anachokitaka. Na huenda, hili ndilo linalomnyima usingizi, yeye mwenyewe amemgeuza bila kukusudia, kwa kumtamani tu kupita kiasi. Kila ndiyo anayopewa ina shaka ndani yake. Naamini anachokitafuta kuliko vyote ni mtu ambaye ndiyo yake imetoka kwake mwenyewe, na huwezi kulijua hilo mpaka umsikie akikuambia hapana.

Wagiriki wa kale waliliona hili. Katika utenzi wa Homer uitwao Odisea, Circe, mjuzi wa dawa katika kisiwa cha Aiaia, aliwageuza nguruwe karibu nusu ya watu wa shujaa Odysseus, wale waliotumwa kwake. Odysseus alipokwenda kuwafuata, mungu Hermes alimpa mmea uitwao moly, wenye mzizi mweusi na ua jeupe, umkinge na dawa. Circe akamnywesha, akampiga fimbo, akamwamuru aende zizini akalale na wenzake. Hakubadilika. Akachomoa upanga.

Wengi wakifika hapo hudhani upanga ndio uliomshinda Circe. Rudini msome tena anachokisema yule mwanamke. Kinachomshangaza ni kwamba hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuinywa dawa ile na akili yake ikabaki palepale. Amekutana na mtu asiyegeuzika. Na ni wakati huohuo anapomwalika kitandani.

Sasa angalieni anachofanya Odysseus. Hakubali palepale. Anamtaka kwanza aape kiapo kikuu cha miungu kwamba hatamdhuru. Circe anaapa. Baadaye meza inaandaliwa, chakula tele, naye anakaa bila kugusa kitu. Circe anamuuliza mbona umekaa kama bubu. Anajibu kwamba hakuna mtu muungwana anayeweza kula kabla ya kuwaona wenzake wamefunguliwa. Circe anainuka, anakwenda zizini, anawarudishia ubinadamu wao. Kwangu mimi mapenzi yao yanaanzia pale mezani kuliko kitandani. Alikuwa amezoea wanaume wanaokula kila wanachowekewa.

Wakakaa pamoja mwaka mzima. Odysseus alipoomba kuondoka, Circe alimwambia asiendelee kukaa nyumbani mwake kama hapendi, kisha akamweleza njia yote, pamoja na namna ya kuwapita wale waimbaji wanaowaangamiza mabaharia kwa sauti zao. Aliyependwa kwa hiari aliachiwa aondoke kwa hiari.

Huo ndio msimamo wangu. Nipingeni, nawasoma.

#2

Mleta mada umeandika vizuri ila mimi napingana nawe. Mwanamke wa aina hiyo anamtaka mwanamume anayemzidi. Kama yeye anaamsha dhoruba, mwenzake awe anaituliza kwa kidole. Asipozidiwa hatamheshimu, na asipomheshimu hawezi kumpenda. Ndivyo mioyo ya watu wakali ilivyo.

#3 – Mleta mada

Mkuu #2, asante kwa kusema wazi. Ila hilo unalolisema limeshasimuliwa, na lina mwisho mbaya.

Merlin, mchawi wa Mfalme Arthur katika hadithi za kale za Uingereza, alimzidi sihiri kila mtu katika himaya hiyo. Akampenda Nimue, mmoja wa mabibi wa ziwani. Katika masimulizi ya mwandishi Malory, yaliyochapwa mwaka 1485, alikuwa anamfuata kila anakokwenda, hampi nafasi ya kupumua. Nimue alimtaka aape kwamba hatamfanyia uchawi wowote. Hebu tafakarini ombi hilo. Mwanamke yuko safarini na mtu anayedai kumpenda, na jambo la kwanza analohitaji kutoka kwake ni ahadi kwamba hatamchukulia akili yake. Akajifunza kwa Merlin alichotaka kujifunza. Akamchoka, huku anamwogopa. Mwishowe akamfungia chini ya jiwe kubwa kwa sihiri ileile aliyofundishwa, akaenda zake.

Utasema Nimue hakumheshimu? Aliujua uwezo wake kuliko mtu yeyote. Ndiyo sababu hakuweza kutulia. Ukiishi na mtu anayeweza kukugeuza nia wakati wowote, na kinachomzuia ni neno lake tu, unakuwa mgeni katika kichwa chako mwenyewe. Kila wazo jipya unalikagua: hili ni langu au nimewekewa? Mwanamke mwenye msimamo hawezi kuishi hivyo hata mwezi.

Baadaye Nimue alimpenda Pelleas, shujaa wa farasi asiyekuwa na sihiri hata chembe, akaishi naye na kumkinga asiuawe. Hata hapo alianza kwa kumtupia usingizi wa kichawi, na mimi hilo silipendi hata kidogo. Lakini mwenza aliyemchagua hakuwa wa kumzidi.

#4

Naomba niingie kama msomaji wa kike. Nakubaliana na mleta mada kuhusu hapana, ila naona mmeanzia mbali. Mtu hatoi hapana yenye uzito kama hana pa kusimama. Mwenza wa huyu dada lazima awe na kazi yake, kitu anachokijua kuliko yeye.

Fikirieni maisha yake. Kila chumba anachoingia, yeye ndiye anayejua zaidi. Anaulizwa yeye, anatazamwa yeye, akikosea hakuna wa kumwambia. Ni upweke mkubwa ule. Sasa mpe mjenzi wa madaraja. Mwanamke anataka kuinua daraja kwa sihiri usiku mmoja, jeshi lipite. Mjenzi anauangalia mto, anamwambia: nguzo hii ukiisimamisha hapa, mvua kubwa ikija maji yatachimba chini yake, watu watakufa. Anamwambia bila kutetemeka, kwa sababu mto anaujua. Nakuapieni, usiku huo yule dada halali anamuwaza mjenzi.

Waandishi wengi wakitaka kumwandikia mtu wa kufanana naye humpa sihiri naye, au cheo. Mpeni ujuzi. Awe mkunga, mtu wa nyota, mfugaji wa farasi, mwandishi wa mahakama anayejua kila kifungu cha mkataba. Ili jioni wakikutana kila mmoja awe na la kumfundisha mwenzake.

Na jambo jingine dogo: amwite jina lake. Wengine wote wanamwita kwa vyeo.

#5

Jamani, mnamzungumzia Circe mnamsahau mtoto wa kaka yake? Medea ndiye wa kujifunzia hapa.

Jason, shujaa wa Kigiriki, alifika nchi ya Colchis kutafuta ngozi ya dhahabu. Mfalme, baba yake Medea, akampa kazi za kumuua: afunge nira mafahali wanaopumua moto, apande meno ya joka. Medea ndiye aliyempa dawa ya kujipaka moto usimuunguze. Medea ndiye aliyemlaza joka mlinzi. Akamwacha baba, akaiacha nchi, akapanda merikebu na mgeni. Walipofika Corinth, mji wa Wagiriki, Jason akaamua kumwoa binti wa mfalme wa pale.

Kinachoniumiza mimi ni yale majibu ya Jason katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 431 kabla ya Kristo. Medea anamkumbusha aliyomfanyia. Jason anasema aliyemwokoa ni mungu wa mapenzi, kwa sababu ndiye aliyemtia Medea wazimu wa kumpenda. Halafu anaongeza kwamba Medea amepata faida kuliko alichotoa, maana sasa anaishi kati ya Wagiriki. Yaani mwanamume amebebwa tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, kisha anasema alitembea kwa miguu yake.

Kwa hiyo mimi nasema anachotaka ni mtu anayekiri. Aseme mbele za watu: huyu ndiye aliyeniokoa. Bila kuona kwamba amepungukiwa.

#6 – Mleta mada

Mkuu #5 umenigusa. Hili sikuliandika kule juu na lina uzito wake. Mpenzi anayemtumia mwanamke kama silaha halafu anaona haya kuitaja silaha hiyo ni aina mbaya kuliko anayemwogopa. Mwoga utamjua mapema, atakaa mbali. Jason anakaa karibu, anatabasamu, anahesabu.

Na dada #4, la mjenzi wa madaraja nimelichukua, kwa ruhusa yako.

#7

Kwani lazima awe na mwenza? Aishi na vitabu vyake na paka wake. Kuna wanawake wanaotosheka.

#8 – Mleta mada

Mkuu #7, wapo, na hadithi zao ningependa zingekuwa nyingi zaidi. Sitaki kabisa ionekane kwamba bila mpenzi mhusika hajakamilika. Ila wangu mimi anatamani, nimeshamsikia. Na kutamani kwake hakumpunguzii kitu. Waandishi wanaoona ugumu hapo ndio wanaoamini kwamba mwanamke akipenda lazima alainike.

#9

Swali kutoka kwa mtu anayeandika pia: mnafanyaje kuhusu umri? Katika ulimwengu ninaoujenga, wenye sihiri wanaishi hadi miaka 400. Mjenzi wa madaraja atakufa akiwa na 70. Huyu mwanamke atamtafuta mtu wa kumzika? Nimekwama hapo, kila nikiandika naona ni huzuni tupu.

#10 – Mleta mada

Mkuu #9, hapa pana utamu mkubwa, usipakimbie.

Kuna Calypso, ambaye si mchawi kama Circe, ni mungu wa kike, lakini mlinganishe naye kwa sababu mwanamume ni yuleyule. Alimweka Odysseus kisiwani mwake miaka 7. Alimwahidi kumfanya asife wala asizeeke. Zawadi kubwa kuliko hiyo hakuna. Odysseus kila siku alikuwa anakaa ufukweni analia akiitazama bahari, mpaka miungu ilipotuma amri aachiliwe. Circe alikaa naye mwaka mmoja na mlango ukiwa wazi. Niambie yupi aliyekuwa na mwenza.

Kwa hiyo mhusika wako akijua namna ya kurefusha maisha, swali la kwanza si kama anaweza. Ni nani anayeamua. Atakayemrefushia mtu maisha kimyakimya kwa kuogopa kumpoteza atakuwa amefanya kosa lilelile la kumtilia dawa kwenye kikombe, hata kama nia ni njema. Mwache mjenzi aambiwe, afikiri, akatae kama anataka kukataa. Labda atakubali miaka 30 zaidi, amalize daraja analolijenga. Labda atasema hapana. Mwanamke mwenye nguvu zote hizo akasikia hapana hiyo na asiinue mkono: mimi ningeisoma sura hiyo mara tatu.

Kuhusu huzuni, sioni kama ni ya kukwepa. Mtu wa miaka 400 ameshazika wengi. Anayeishi muda mfupi ana jambo moja ambalo wenye sihiri hawana: hawezi kuahirisha. Akimpenda, atamwambia wiki hii. Kwa mwanamke aliyezungukwa na watu wanaopanga mambo ya karne, hilo linaweza kuwa ndilo linalomvuta.

#11

Mimi ni msomaji wa kimya humu, ila leo nitachangia. Swali la mleta mada liliulizwa katika hadithi moja ya Uingereza ya karne ya 15, karibu kwa maneno hayohayo. Mfalme Arthur alipewa miezi 12 alete jibu la swali: wanawake wanataka nini kuliko vyote? Asipolijua, afe. Yeye na mpwa wake Gawain wakazunguka wakikusanya majibu ya kila namna. Ndipo akatokea Ragnelle, mwanamke wa sura ya kutisha, akasema jibu analo, na malipo yake ni kuolewa na Gawain. Gawain akakubali kwa ajili ya mfalme wake. Jibu lilikuwa hili: wanataka mamlaka.

Watu huishia hapo. Sehemu ya maana inakuja usiku wa harusi. Ragnelle anageuka kuwa mrembo, anamwambia Gawain achague: niwe mzuri mchana mbele za watu na wa kutisha usiku, au mzuri usiku na wa kutisha mchana? Gawain anawaza, hapati jibu, anamwambia uamuzi nauweka mikononi mwako. Na hapo uchawi aliotupiwa na mama yake wa kambo unavunjika, anakuwa mzuri mchana na usiku.

Mnaona? Arthur alilipata jibu na kulisema tu, likamwokoa kichwa. Gawain alilitenda. Wachumba wengi watalisema jibu sahihi, maana hata ukariri unatosha. Mwanamke mwenye msimamo atangoja kuona siku ya kuchagua mtu atafanya nini, hasa pale ambapo uchaguzi unamgusa huyo mwanamume mwenyewe, sura ya mke wake, heshima yake mbele ya wenzake.

#12

Mkuu #11 umesema vyema, ila nina wasiwasi kidogo. Tukisema mwenza mzuri ni yule anayemwachia mwanamke uamuzi wote, si tutarudi kwa yule kijana mwenye mabega mapana, ila sasa yeye ndiye anayesubiri nje ya mlango? Gawain alimwachia Ragnelle uamuzi kuhusu mwili wa Ragnelle. Hiyo ni haki yake. Kuhusu vita, nyumba, watoto, huyo mwenza naye awe na sauti. Mwenye nguvu anayeachiwa kila kitu huharibika, awe mwanamke au mwanamume.

#13 – Mleta mada

Mkuu #12, naunga mkono kila neno. Hapo ndipo Circe na Ragnelle wanapokutana. Odysseus hakumwambia Circe ataishi vipi kisiwani mwake. Lakini wenzake walipokuwa zizini alikataa kula. Juu ya mwili wake na sihiri yake, amri ni ya mwanamke. Juu ya watu wengine wanaoumizwa na sihiri hiyo, mwenza ana wajibu wa kusema, na aseme akiwa mezani kwake, akimtazama usoni.

Kwa wanaoandika, nina pendekezo moja. Kabla ya kuandika busu, andikeni ugomvi. Wagombane kweli, juu ya jambo ambalo wote wawili wana hoja. Mwanamke anaweza kuumaliza ugomvi ule kwa ishara ya mkono: amnyamazishe, amsahaulishe, amfanye akubali. Mwanamume anajua kwamba anaweza. Anaendelea kubishana. Naye mwanamke anaendelea kubishana kwa maneno, anatafuta hoja, anapandisha sauti, anashindwa kidogo, anashinda kidogo. Kama wahusika wako hawawezi kuufikisha ugomvi huo mwisho bila sihiri, bado hawajawa tayari kupendana, hata uwapambie mwezi na maua.

#14

Mleta mada, sasa mhusika wako anamchagua nani? Usituache hewani.

#15 – Mleta mada

Dada #4 ameshanisaidia, ni mjenzi. Nilikuwa na mkuu wa jeshi katika nafasi hiyo, nimemwondoa leo.

Mjenzi ameshamkatalia mara mbili. Kwanza kuhusu nguzo za daraja. Mara ya pili mwanamke alipotaka kumlipa dhahabu iliyotengenezwa kwa sihiri, akamwambia mafundi wake wanataka fedha ambayo kesho bado itakuwa fedha. Mara ya tatu anakuja mwenyewe mnarani. Anasema anampenda, anaamini ni kweli, lakini kwa jinsi anavyojua uwezo wake hana njia ya kuwa na hakika, na bila hakika hawezi kuingia. Kwa hiyo ana ombi: amfundishe dalili za mtu aliyerogwa, zote, hata zile ambazo wenye sihiri hawawaambii watu wa kawaida, ili ajikague mwenyewe.

Kumfundisha hivyo ni kujinyang'anya silaha. Kuanzia siku hiyo hatakuwa na uwezo wa kumgeuza bila yeye kujua, hata siku atakapokuwa amekata tamaa, hata siku atakapomwona anafunga mizigo. Tena mwanamke hajui ukaguzi huo utaleta nini. Huenda amemroga kweli bila kukusudia, na mjenzi akaamka kesho yake bila pendo lolote.

Anamfundisha. Inachukua majira mazima ya mvua, na katika muda wote huo hawagusani. Sura hiyo nimeshaianza. Nikiimaliza nitaileta humu muisome, na dada #4 aniangalizie mambo ya mto.